Kununua Trekta Kuukuu la Kukarabati: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Katika Mkoa wa Singida mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Mkulima wa alizeti, mtama au uwele ambaye shamba lake halikulimwa kwa wakati hana msimu wa pili wa kufidia hasara. Ndiyo maana kaya nyingi hutamani trekta. Kwa kuwa bei ya trekta jipya iko mbali na uwezo wa wengi, macho hugeukia matrekta makuukuu yaliyolala mabandani na chini ya miti, ambayo wenyewe husema yanahitaji "matengenezo kidogo tu".

Makala haya hayamkatazi mtu kununua trekta la namna hiyo. Trekta kuukuu lililochaguliwa vema na kukarabatiwa kwa utaratibu huweza kulima kwa miaka mingi. Lengo letu ni kumsaidia mlaji kutofautisha trekta linalofaa kukarabatiwa na lile linalofaa kuuzwa kama chuma chakavu, na kumweleza haki zake kabla fedha haijatoka mkononi.

Somo kutoka Kongwa

Historia ya mkoa jirani wa Dodoma inatupa funzo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo mengi yaliyonunuliwa yalikuwa mabaki ya jeshi, yakiwamo yaliyotoka Ufilipino. Mengi yaliharibika mapema, vipuri havikutosha, na mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mpango huo uliachwa mwaka 1951. Zilikuwapo sababu nyingine za kushindwa kwake, lakini hili la matrekta lingali na maana leo: bei ndogo ya kununulia si gharama ya trekta. Hazina ya serikali iliweza kubeba hasara ile. Kaya iliyouza ng'ombe wake wote haiwezi.

Anza na vipuri, kisha trekta

Kabla ya kupenda trekta, uliza vipuri vyake vinapatikana wapi. Massey Ferguson 135, 165, 240 na 290, zenye injini za Perkins, pamoja na Ford za miaka ya 1970 na 1980, zimeenea sana Afrika Mashariki; mafundi wanazifahamu na vipuri vyake hupatikana madukani. Hali ni tofauti kwa matrekta yaliyokoma kuletwa nchini. Valmet, kwa mfano, ziliunganishwa Kibaha katika miaka ya 1980. Anayenunua mojawapo leo ahakikishe kwanza kwamba atapata ringi, gasketi na vipuri vya pampu ya dizeli.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni hii: andika aina, modeli, namba ya mtambo na namba ya injini, kisha uulize bei ya vipuri vitano katika maduka mawili au matatu. Kipuri ambacho kila duka linakujibu "tutakuagizia" kihesabu kuwa hakipo.

Pima pia nguvu ya trekta na udongo wako. Massey Ferguson 135 ina nguvu ya farasi takriban 45. Inamudu jembe la diski mbili katika udongo wa kichanga, lakini itachoka mapema katika udongo mzito wa mbuga au ikifungiwa jembe la diski tatu.

Ukaguzi: fika kabla injini haijawashwa

Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji, na umlipe kwa siku hiyo. Ukifika, gusa injini. Ikiwa imekwisha kupashwa moto, omba kurudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka huficha ugonjwa wake ikiwa ya moto. Kisha kagua mambo yafuatayo.

Oili na maji. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, dalili ya gasketi iliyoungua au ufa katika kichwa cha injini au bloku. Fungua rejeta: mafuta yanayoelea juu ya maji ni dalili ya ugonjwa huohuo. Tafuta alama za kuchomelea kwenye bloku.

Moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwasha si ajabu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, huenda dizeli haiungui sawasawa au maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kwa kawaida kwa sababu ya ringi au slivu zilizolika. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na nozeli, pampu au kichujio cha hewa kilichoziba, matatizo ambayo huwa nafuu zaidi kuyatibu. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi nzito inayotoka kwa nguvu ni ishara ya silinda zilizochoka.

Gia, klachi na breki. Endesha trekta katika kila gia, likiwa na mzigo ikiwezekana. Gia inayoruka yenyewe ina maana kwamba gia boksi itafunguliwa, na kazi hiyo si ndogo. Jaribu breki za kulia na kushoto, kila moja peke yake.

Haidroliki na shafti ya nyuma. Nyanyua jembe, kisha liache juu injini ikiendelea kunguruma. Mikono ikidundadunda, yaani kushuka kidogo na kupanda tena bila kukoma, mafuta yanavuja ndani ya mfumo. Washa pia shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine na uone kama inazunguka na kusimama inapotakiwa.

Ekseli ya mbele na matairi. Inua sehemu ya mbele kwa jeki, weka magogo ya kuzuia, kisha utikise magurudumu. Mlegeo mkubwa ni kazi ya bushi na pini. Matairi makubwa ya nyuma hula sehemu kubwa ya bajeti. Yakague kwa nyufa za jua, hata kama meno yake bado ni marefu.

Usiitegemee saa ya injini pekee, kwani huweza kubadilishwa. Pedali zilizolika, kiti kilichokwisha na usukani wenye mlegeo husema ukweli zaidi. Ikiwa injini imekwama na haizunguki kabisa, lipa bei ya vipuri tu, kwa sababu hakuna fundi awezaye kujua kilichomo kabla ya kuifungua.

Hesabu ya kweli

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, ambao si bei ya soko. Trekta linauzwa shilingi 9,000,000. Fundi wako anakadiria vipuri vya injini na haidroliki kuwa shilingi 5,000,000, ufundi 1,500,000, matairi mawili ya nyuma 3,000,000 na usafirishaji 500,000. Matengenezo na usafirishaji ni shilingi 10,000,000. Ongeza robo ya kiasi hicho, yaani 2,500,000, kwa ajili ya yale yatakayoonekana baada ya injini kufunguliwa. Jumla ni shilingi 21,500,000. Ikiwa trekta la modeli hiyohiyo, linalolima tayari, linauzwa shilingi 20,000,000, basi lile la 9,000,000 ndilo ghali.

Wakati nao ni gharama. Trekta lililonunuliwa Juni au Julai lina kiangazi chote cha kutengenezwa. Lililonunuliwa Oktoba hutengenezwa kwa haraka, na mvua hukuta injini ikiwa mezani kwa fundi. Kwa wanaolima kwa maksai tunashauri jambo moja: usiuze maksai wako kabla trekta halijamaliza msimu mmoja wa kulima bila kukwama.

Je, muuzaji ana haki ya kuuza?

Hasara kubwa kuliko injini mbovu ni kununua mali isiyo ya muuzaji. Omba kadi ya usajili halisi, si nakala, na ulinganishe namba zake na zile zilizogongwa kwenye mtambo na injini. Thibitisha taarifa hizo katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako pia uhamisho wa umiliki hufanyika.

Kadi ikiwa benki au kwa mkopeshaji, huenda trekta ni dhamana ya mkopo. Malipo yafanyike kwa utaratibu unaomhusisha mkopeshaji huyo kwa maandishi. Ikiwa mwenye trekta amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa peke yake. Trekta la chama cha ushirika au kikundi linahitaji muhtasari wa mkutano ulioridhia mauzo. Lililonunuliwa mnadani liwe na hati za mnada huo.

Sheria inasema nini?

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida muuzaji huchukuliwa kuwa anathibitisha kwamba ana haki ya kuuza, na bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Kinga kuhusu ubora, hata hivyo, humhusu zaidi muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Ukinunua kwa mkulima mwenzako asiye mfanyabiashara wa matrekta, kinga hiyo ni ndogo. Aidha, ukiikagua bidhaa, itakuwa vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionesha.

Kwa hiyo, mambo yote muhimu yaingie katika mkataba wa maandishi: majina ya pande zote, modeli na namba za trekta, bei, kasoro zilizotajwa na muuzaji, viungo vinavyouzwa pamoja nalo kama jembe au tela, na tarehe ya kukabidhi kadi. Maneno "linauzwa kama lilivyo" yana uzito. Usiyatie sahihi kabla fundi wako hajamaliza kazi yake. Lipa kwa benki au kwa njia nyingine inayoacha kumbukumbu, na ubakize sehemu ya malipo hadi uhamisho ukamilike.

Fundi, vipuri na usalama

Kubaliana na fundi kwa maandishi kazi zitakazofanywa, bei na muda, na umtake akurudishie vipuri vyote vya zamani. Dai risiti ya kila kipuri. Kipuri chenye chapa mashuhuri kwa bei ya chini isiyo ya kawaida kinaweza kuwa bandia, na biashara ya bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Usiruhusu trekta kuwashwa kwa kuunganisha nyaya za stata kwa bisibisi mtu akiwa amesimama kando ya gurudumu. Likiwa kwenye gia, humkanyaga. Hakikisha shafti ya nyuma ina kinga yake, na usimpakie mtu juu ya tela lisilo na breki.

Ukidanganywa

Mwandikie muuzaji kwanza, ukieleza kasoro na unachodai, na ubaki na nakala. Ikiwa ni mfanyabiashara aliyetoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, au dukani umeuziwa kipuri bandia, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo husimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003. Mgogoro wa mkataba kati ya watu binafsi hupelekwa mahakamani, na wizi au kughushi kadi huripotiwa polisi. Popote utakapokwenda utaulizwa mkataba, risiti na kumbukumbu za malipo. Zihifadhi tangu siku ya kwanza.