Damu chooni si bawasiri kila mara: Jeni za uvimbe zaweza kueleza hatima ya mgonjwa

MTU akiona damu chooni, jambo la kwanza analofanya ni kwenda dukani kununua dawa ya bawasiri. Isipomfaa hununua ya amiba. Miezi inapita, anakonda, tumbo linafura, na hapo ndipo jamaa wanapomkimbiza hospitalini.

Hebu, msomaji, tuchukue mfano wa mkulima wa viazi kutoka Molo mwenye umri wa miaka 38. Amefika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wakazi wengi wangali wanaiita "PGH". Daktari amepitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa, akaona uvimbe na kukata kipande kidogo cha nyama. Majibu ya maabara yanasema ni saratani ya utumbo mpana. Swali la mke wake ni moja tu: "Daktari, atapona?"

Kwa miaka mingi jibu lilitegemea umbali ambao ugonjwa umeenea, na hadi leo hilo ndilo la kwanza kuangaliwa. Takwimu za Marekani zaonyesha kuwa saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo, wagonjwa wapatao 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika kwenye ini au mapafu, idadi hiyo hushuka hadi 15 hivi. Wengi wetu hufika hospitalini wakati huo wa pili.

Si maradhi ya wazee pekee

Wakenya walishtuka mwaka wa 2019 wakati Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alipotangaza kuwa anaugua saratani hii na kwamba ilikuwa imefika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huo akiwa na umri wa miaka 41.

Zamani madaktari waliamini Mwafrika hapati ugonjwa huu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, aliandika mwaka wa 1971 kwamba ni nadra sana huku kwetu, akasema sababu ni vyakula vyenye makapi mengi. Alikuwa na hoja. Lakini tangu siku zake githeri imepisha chipsi, na wasafiri wanaosimama Kikopey kula nyama choma hawahesabiki. Aidha, hospitali za humu nchini zimekuwa zikiona wagonjwa wachanga kuliko wa nchi tajiri, na umri huo wapaswa kumfanya daktari aulize habari za ukoo.

Jeni zasema nini?

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya kila chembechembe ya mwili. Saratani huanza maagizo hayo yanapoharibika, na namna yalivyoharibika hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Jeni iitwayo KRAS huwa imeharibika katika wagonjwa kama 40 kwa kila 100. Tangu mwaka wa 2008 imefahamika kuwa wagonjwa hao kwa jumla hawafaidiki na dawa ghali kama cetuximab. Hebu fikiria familia inayouza shamba au kufanya harambee kununua dawa hiyo, ilhali kipimo kimoja kingewaambia mapema kuwa haitasaidia! Nyingine ni BRAF, ambayo huharibika kwa wachache, yapata 10 kwa 100. Saratani ikiwa imeenea na jeni hii ina kasoro, hali ya mgonjwa kwa kawaida huwa mbaya zaidi.

Kisha kuna zile jeni za ukarabati. Chembechembe inapojigawa hufanya makosa, na jeni hizi huyasahihisha. Zikiharibika, makosa hurundikana. Ajabu ni kwamba wagonjwa wa aina hii, ambao ni kama 15 kwa 100, huwa na matumaini mazuri zaidi ugonjwa ukigunduliwa mapema, kwa kuwa kinga ya mwili huutambua uvimbe wenye makosa mengi. Mwaka wa 2022 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa aina hiyo, wenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, waliopewa dawa ya kuamsha kinga pekee. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Dawa hizo zingali ghali mno kwa mkulima wetu, lakini ni vyema ajue yuko kundi gani.

Ukoo mzima

Kasoro hiyo ya ukarabati yaweza pia kurithiwa. Mwaka wa 1895 mshonaji nguo huko Michigan, Marekani, alimwambia Daktari Aldred Warthin kuwa atakufa kwa saratani kama jamaa zake. Ndivyo ilivyokuwa. Daktari huyo alifuatilia ukoo wake, lakini jeni zenyewe hazikujulikana hadi mwaka wa 1993 na 1994. Huku kwetu mkosi kama huo ungeitwa laana, na wazee wangechinja mbuzi.

Mzazi mwenye kasoro hii anapozaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Anayeirithi hushauriwa kuchunguzwa utumbo kwa kamera kuanzia umri wa miaka 20 hadi 25, kila mwaka au miaka miwili. Vivimbe vidogo hukatwa papo hapo kabla havijageuka saratani. Wanawake wa ukoo huo wajue pia kuwa tumbo la uzazi liko hatarini.

Mkulima wetu hahitaji kupasuliwa tena ili apimwe. Nyama iliyokatwa huhifadhiwa maabara ndani ya kibonge cha nta, na vipande vyembamba vyaweza kukatwa humo. Kipimo cha protini za ukarabati hufanywa kwa rangi maalumu na darubini. Vile vya KRAS na BRAF huhitaji mitambo zaidi, na mara nyingi kibonge hulazimika kusafirishwa hadi Nairobi. Kwa hivyo mke wake na aulize maabara kibonge kiko wapi na kimepewa nambari gani, aiandike nambari hiyo, kisha awaulize ndugu za mumewe ni nani mwingine katika ukoo aliyeugua tumbo akafa kabla ya kufika miaka 50.