Maumivu ya Mgongo Yasiyolala

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, alalamikaye mgongo hamshangazi mtu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na sasa ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao wabeba maji na kuni. Askari aliyekesha lindoni na mzigo begani anayajua maumivu hayo. Yakipumzishwa, aghalabu huisha.

Yapo hata hivyo maumivu yasiyopumzika. Huzidi usiku mgonjwa alalapo, huchoma akikohoa, kisha miguu hulegea na mkojo hukataa kutoka. Kwa aliyewahi kuugua saratani ya titi, ya tezi dume au ya mapafu, huenda ugonjwa umehamia katika pingili za uti wa mgongo na kuukaba mshipa mkuu wa fahamu. Watoto wa Malawi nao hupatwa na janga hilo kwa saratani ya Burkitt, ile ya uvimbe wa taya.

Picha ya eksirei huchelewa kusema. Mfupa sharti uwe umeshaliwa sana. Chombo kiitwacho PET hutafuta mlaji wa sukari. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 4 hadi 6, hudungwa sukari yenye mnururisho, kisha hulala tuli kama saa nzima. Saratani huibugia sukari hiyo, na pale ilipo hung'aa pichani. Ulafi huo aliugundua Otto Warburg wa Ujerumani katika miaka ya 1920.

Dawa yenyewe haiwekeki ghalani: kila dakika 110 nusu ya nguvu yake hupotea, na baada ya saa 11 hubaki sehemu 1 kati ya 64. Wala chombo hicho si mganga wa yote. Kifua kikuu cha mifupa, ambacho si kigeni katika nchi zetu, nacho hung'aa vile vile. Mshipa uliokabwa huonekana vema zaidi kwa mashine ya sumaku, ambayo Malawi iliipata mjini Blantyre mwaka 2008, na madaktari huanza na hiyo.

Jamaa wa mgonjwa, miguu ikilegea msingoje kesho wala mchuaji. Mlazeni sawasawa, mfikisheni zahanati, na semeni tangu mlangoni kwamba aliwahi kuwa na saratani, ili apelekwe upesi Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, mwendo wa kilomita zipatazo 45. Dawa ya kupunguza uvimbe yaweza kuanzwa hata kabla ya picha. Atibiwaye angali anatembea, aghalabu huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza siku kadhaa, ni mara chache kuinuka.