Pedi au Kipanya? Kila Kazi na Chombo Chake

Askari yeyote aliyepitia mafunzo anajua kwamba silaha isiyolingana na kazi ni mzigo kwa aliyeibeba. Bunduki ya kulengea mbali haifai kupekulia vyumba, na bastola ya afisa haifiki ng'ambo ya bonde. Somo hilo, ambalo sisi tulilipata kwa amri na kwa jasho, ndilo wanalobishania vijana wengi wa siku hizi, mjini Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ila wao hawazungumzii silaha. Wanazungumzia michezo ya kompyuta, na swali lao ni hili: mchezo wa uhusika uchezwe kwa pedi, au uchezwe kwa kibodi na kipanya?

Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa kitoto. Nyuma yake kuna suala la fedha, na nyuma ya fedha kuna suala la maisha. Mzazi mwenye mshahara wa koplo au wa konstebo atanunua kifaa kimoja, wala si viwili. Kiongozi wa vijana wa Nakivale aliyepewa kompyuta moja ya msaada naye yumo katika hali hiyo hiyo. Na kifaa kitakachonunuliwa ndicho kitakachoufunza mkono wa kijana kwa miaka kadhaa ijayo. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu.

MAANA YA MANENO

Mchezo wa uhusika ni ule ambao mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwingine, awe shujaa, mganga au mwindaji. Husafiri katika nchi ya kubuni, huzungumza na wenyeji wake, huchagua mema au mabaya, na hupanda daraja kidogo kidogo kama kuruta anayekuja kuwa sajini. Mchezo mmoja waweza kuchukua makumi ya saa.

Kibodi ni ubao wa herufi ambao karani wa kituo cha polisi anaujua vizuri. Kipanya ni kile kidude cha mezani kinachosogeza mshale kwenye kioo. Pedi ni chombo kinachoshikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukumwa kwa vidole gumba. Wanaocheza PlayStation katika vibanda vya miji yetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

CHOMBO HUUMBA MCHEZO

Michezo ya uhusika ya kompyuta ilikulia mezani, mbele ya kibodi. Mwaka 1981 Mmarekani Richard Garriott alitoa mchezo wa Ultima, ambamo takriban kila herufi ilikuwa na amri yake: moja ya kushambulia, nyingine ya kupanda chombo, nyingine ya kuingia mjini. Kipanya kilikuwa kimekwisha kubuniwa. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, lakini hakikuenea majumbani hadi miaka ya 1980. Mwaka 1987 mchezo wa Dungeon Master ukamwezesha mchezaji kuokota mkuki au mkate kwa kuuelekezea mshale tu.

Huko Japani mambo yalishika njia nyingine. Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo alibuni kitufe chenye umbo la msalaba mwaka 1982, na mwaka uliofuata kikawekwa katika pedi za mashine ya Famicom. Yuji Horii alipotaka kuwaletea Wajapani mchezo wa jamii ya Ultima, alikuta pedi yenye msalaba huo na vitufe vinne basi. Amri za herufi zote zisingeenea humo. Katika Dragon Quest ya mwaka 1986 akaziweka amri chache katika orodha fupi kwenye kioo: kuzungumza, kutafuta, kufungua mlango. Watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta wakaweza kucheza, na michezo mingi ya uhusika ya Kijapani ikafuata nyayo hizo.

Basi tangu mwanzo chombo hakikuwa mtumishi wa mchezo tu. Chombo ndicho kilichoamua mchezo uweje.

KAMANDA NA ASKARI WA MSTARI WA MBELE

Tofauti ya vyombo hivi inaanzia mkononi. Kipanya hufuata mwendo wa mkono: ukikisogeza kidogo, mshale husogea kwa kadiri yake, na mkono ukisimama nao husimama. Kijiti cha pedi sivyo. Unapokiinamisha, huuambii mshale uende wapi, bali unauambia uende kwa kasi gani, nao huendelea kwenda mpaka ukiachie. Kwa hiyo mwenye kulenga kwa kijiti hana budi kukisia wakati wa kuachia, kama dereva anavyokisia mahali pa kukanyaga breki. Hiyo ndiyo sababu michezo mingi ya pedi huwekewa msaada wa siri unaoivuta shabaha karibu na adui.

Katika kutembea, ushindi ni wa pedi. Kitufe cha kibodi kina hali mbili: kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Mhusika ama amesimama ama anakwenda, tena kwa pande nane tu. Kijiti kikiinamishwa kidogo, mhusika hunyata kama askari wa doria usiku. Kikiinamishwa hadi mwisho, hukimbia, na huelekea upande wowote.

Lakini katika kuamuru wengi, kibodi na kipanya havina mpinzani. Katika Baldur's Gate ya mwaka 1998 mchezaji huongoza kundi la watu hadi sita. Hubonyeza kitufe kirefu cha nafasi, vita vikasimama. Huzungushia kundi zima mstari kwa kipanya, akampa kila mmoja amri yake, kisha akaviachia vita viendelee. Huyo ni kamanda wa seksheni mbele ya ramani. Mwenye pedi ni askari mmoja aliye mstari wa mbele: miguu ni yake, upanga ni wake, na hatari iko usoni pake.

Historia ya karibuni inathibitisha hayo. Diablo III ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2012, shujaa alikwenda pale kipanya kilipobonyeza. Ilipopelekwa kwenye mashine za pedi mwaka 2013, watengenezaji walimpa mchezaji uwezo wa kumwendesha shujaa moja kwa moja kwa kijiti, na kijiti cha pili kikawa cha kujirusha pembeni kukwepa pigo. Mchezo ni ule ule, lakini mwili umebadilika. Kinyume chake, Dark Souls iliyozaliwa kwenye pedi ilipoletwa kwenye kompyuta mwaka 2012, walioijaribu kwa kibodi na kipanya walilalamika sana, kwa kuwa vyombo hivyo vilikuwa vimebandikwa tu juu ya kazi isiyokuwa yao.

Waliofanya vyema ni Larian Studios wa Ubelgiji, waliotoa Baldur's Gate 3 mwaka 2023. Ukishika kipanya, unalitazama kundi lako kutoka juu, ukibonyeza mahali pa kwenda. Ukishika pedi, kamera humshukia mhusika, kijiti humtembeza, na amri hupangwa kwa duara kama namba za saa. Tena, kwa kuwa mapigano yake ni ya zamu, hakuna anayeshindwa kwa sababu vidole vyake ni vizito.

PEDI KATIKA UTUMISHI

Wapo watakaosema kwamba pedi ni ya mchezo na kibodi ni ya kazi. Majeshi ya leo yanakataa kauli hiyo. Nyambizi ya Marekani USS Colorado, iliyoingia rasmi katika utumishi mwezi Machi 2018, ilipewa pedi za Xbox 360 kuongozea mlingoti wa kamera uliochukua nafasi ya periskopu ya zamani. Kidhibiti cha awali kiligharimu kiasi cha dola 38,000. Pedi hiyo haikufika dola 30, na mabaharia vijana waliishika kama kitu walichokizoea nyumbani. Hata baadhi ya roboti za kutegulia mabomu zimeongozwa kwa vidhibiti vya mtindo huo.

Liko na jambo linalotugusa zaidi sisi tuliozoea kuwaona wenzetu wakirudi na majeraha. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, chombo chenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomekea swichi za mguu, za kiwiko au za kidevu. Miongoni mwa mambo yaliyowapa wahandisi wazo hilo ni kazi ya shirika la Warfighter Engaged, linalowatengenezea askari wa Marekani waliojeruhiwa vifaa vya kuchezea. Aliyepoteza mkono vitani hakupoteza haki ya kustarehe.

Kwa hiyo hatuidharau pedi. Swali linalobaki ni la mahali na la uwezo.

HALI YA NAKIVALE

Makazi ya Nakivale, yaliyoko katika Wilaya ya Isingiro kusini mwa Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi nchini Uganda kufanya kazi na kusafiri. Maana yake ni kwamba kijana wa Nakivale anayejua kuandika kwa kompyuta aweza kuja Mbarara kutafuta kazi bila kuvunja sheria.

Tuzipime basi hoja zetu papo hapo. Kompyuta inayofika katika makazi kama hayo mara nyingi ni ya zamani, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Haitaweza kuendesha mchezo wa mwaka 2023. Itaweza kuendesha michezo ya miaka ya 1990, na mingi kati ya michezo ya uhusika ya kompyuta ya wakati huo ilitengenezwa kwa kibodi na kipanya. Tena kompyuta ya mpakato huja na kibodi yake. Kinachokosekana ni kipanya, kwa maana kile kibao cha kugusa kwa kidole ni kigumu sana vitani. Kipanya cha waya ni rahisi kupatikana, hakitaki betri, na karibu kila kompyuta hukitambua mara moja. Pedi za bei ya chini, kwa upande mwingine, baadhi yake hazitambuliwi na mchezo hata zikichomekwa barabara, na mnunuzi hugundua hayo baada ya fedha kutoka.

Hata hivyo pedi ina fadhila moja ambayo kibodi haina: ni rahisi kugawana. Watoto wawili, mmoja Msomali na mwingine Mkongo, waweza kukaa mbele ya kioo kimoja, kila mmoja na pedi yake, wakasaidiana kabla hata hawajajua kusalimiana. Katika kituo cha vijana hilo si jambo dogo.

MKONO UNAOJENGA

Hoja iliyo nzito kupita zote ni ya kesho. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta ya mpakato. Kijana huyo alitembea mwendo wa saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Hakuishia kucheza. Alijifunza kutunga programu, akatengeneza mchezo uitwao Salaam, ambamo mchezaji huvaa uhusika wa mkimbizi anayekimbia vita, na mwezi Desemba 2018 akatunukiwa heshima katika sherehe za The Game Awards nchini Marekani. Barani Afrika hakuwa peke yake: mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilikuwa imetoa Aurion, mchezo wa uhusika uliojengwa juu ya hadithi na mavazi ya Kiafrika.

Programu haiandikwi kwa pedi. Huandikwa kwa kibodi, herufi kwa herufi. Vivyo hivyo barua ya maombi ya kazi, taarifa ya uhalifu, hesabu ya duka na insha ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kijana aliyecheza mchezo wa uhusika kwa kibodi ameanza kujifunza kazi bila kujua kwamba anajifunza.

USHAURI WETU

Kwanza, mwenye kompyuta moja na fedha ya kifaa kimoja na anunue kipanya. Pili, kituo chenye vijana wengi na mashine yenye nguvu ya kutosha kiongeze pedi mbili, wala si moja, ili faida ya kugawana ipatikane. Tatu, kabla ya kulipa, mnunuzi aombe pedi ichomekwe na kujaribiwa mbele ya macho yake, na asome mchezo wenyewe umetengenezewa chombo gani. Nne, aliyejeruhiwa asilazimishwe kufuata kanuni ya wenye mikono miwili. Kwake chombo bora ni kile ambacho mwili wake unakiweza.

Kutumia pedi hujifunzwa kwa jioni moja, na aliyezoea kibodi ataweza kuishika siku yoyote atakayoipata. Kibodi hudai miezi ya mazoezi. Mzazi mwenye uwezo wa kimoja na aanze na kile kinachodai muda mrefu, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi.