Alama ya Kutoa Ilikwenda Wapi?

Mwaka 2005, kabla sijaondoka nchini kwenda kusomea shahada ya uzamivu, nilikuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari. Nilitunga mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, nikaupanga kwa programu ya kompyuta iitwayo TeX, nikaugeuza kuwa hati ya PDF, nikaisoma kwenye skrini mstari kwa mstari, kisha nikaipeleka kwa mpiga chapa ndani ya disketi. Siku ya mtihani swali la 4 lilisomeka hivi:

x²   5x + 6 = 0

Kati ya x² na 5x palikuwa na pengo jeupe. Wanafunzi wengi walilijaza pengo hilo kwa alama ya kujumlisha, wakapata majibu −2 na −3. Wachache walijaza alama ya kutoa, wakapata 2 na 3. Milinganyo yote miwili hukubali kugawanyika vizuri, na kwa hiyo hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza. Mimi mwenyewe niligundua wakati wa kusahihisha, nilipoona darasa limegawanyika mafungu mawili na kila fungu lina hakika na jibu lake.

Nilipoikagua karatasi upya niliona mambo mawili ya ajabu. La kwanza, alama za kutoa zilikuwa zimetoweka katika mtihani mzima, ilhali za kujumlisha zilikuwapo zote. Lau wino ndio uliokuwa hafifu, ungewezaje kuchagua? La pili, katika swali la takwimu, kanuni ya wastani ambayo huandikwa Σfx kugawanya kwa Σf ilikuwa imechapwa Pfx kugawanya kwa Pf. Wanafunzi waliokariri kanuni hawakujali. Waliokuwa wakitegemea kuisoma kwenye karatasi walitafuta thamani ya P hadi muda ukaisha.

Ili kufahamu yaliyotokea, yatupasa kwanza kujua ukurasa uliopangwa na kompyuta ni kitu gani hasa.

Zamani mpanga chapa alipanga herufi za risasi kwa mkono au kwa mashine, na ukurasa ulikuwa kitu cha kushikika, tena kizito. Katika miaka ya 1970 kazi hiyo ilikuwa ikihamia kwenye mitambo ya kupiga picha za herufi. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipokea kurasa za majaribio za toleo jipya la buku la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu sanaa ya kutunga programu. Hakupendezwa nazo hata kidogo. Badala ya kulalamika tu, aliacha kazi zake nyingine akatunga mwenyewe programu ya kupanga kurasa, ndiyo TeX, na nyingine ya kuchora herufi, ndiyo METAFONT. Alidhani kazi hiyo ingemchukua muda mfupi. Ilimchukua miaka mingi. Wale wanaochelewa kumaliza tasnifu na waliwazwe na habari hiyo.

TeX ikimaliza kuupanga ukurasa hutoa faili la aina ya DVI, yaani lisilofungamana na mtambo wowote. Katika faili hilo hamna picha ya ukurasa. Mna orodha ya maagizo tu: sogea kulia kiasi hiki, shuka chini kiasi hiki, chukua fonti fulani, weka herufi nambari fulani. Vipimo vyake ni vidogo ajabu. Inchi moja imegawanywa katika pointi 72.27, na kila pointi katika sehemu 65,536. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba sehemu moja ni kama nanomita 5.4, wakati mawimbi mafupi kabisa ya nuru inayoonekana yana urefu wa nanomita zipatazo 400. Hakuna jicho wala darubini ya kawaida itakayoona kosa la ukubwa huo.

Lakini faili hili linalojua mahali pa kila herufi kwa usahihi wa namna hiyo halijui herufi yenyewe ina umbo gani. Tuchukue mfano wa ratiba ya masomo ukutani. Ratiba yasema: kipindi cha 3, Kidato cha Pili B, mwalimu nambari 7. Haina sura ya mwalimu wala jina lake. Katika shule yenye orodha ya walimu ratiba hiyo yatosha. Ipeleke shule ya jirani, nako kila kipindi kitakuwa na mwalimu wake, ila namba 7 wa huko huenda ni mwalimu wa kilimo, na huenda namba 15 hayupo kabisa.

Fonti za Knuth zina hesabu yake ya pekee. Katika fonti yake ya alama za hisabati, iitwayo CMSY, alama ya kutoa ni nambari 0. Katika fonti za kawaida nambari 0 haina umbo lolote. Katika fonti ya alama kubwa, iitwayo CMEX, alama ya jumla yenye ukubwa wa kutumika ndani ya sehemu ni nambari 80. Katika fonti za kawaida nambari 80 ni herufi P. Alama ya kujumlisha, kwa upande wake, hutoka katika fonti ya matini ambamo nambari yake ni 43, na katika fonti za kawaida pia 43 ni alama ya kujumlisha. Basi fumbo la karatasi yangu limefumbuka. Kompyuta ya mpiga chapa haikuwa na fonti za Knuth. Ikaweka nyingine badala yake na kuzifuata nambari kwa uaminifu wote. Kutoa ikawa pengo, jumla ikawa P, na kujumlisha ikasalimika.

Msomaji atauliza: je, hati ya PDF haikubuniwa hasa ili kuondoa balaa la namna hii? Naam, ndivyo. Kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke, kwanza ilitunga PostScript, ambayo ni lugha ya kuielezea printa namna ya kuuchora ukurasa. Mwaka 1993 ikatoa PDF, ambayo tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. PDF inaweza kubeba ndani yake maumbo ya herufi zilizotumika. Neno la kuzingatia hapa ni «inaweza». Yule anayeigeuza hati ndiye anayeamua kama zitabebwa au la.

Njia niliyoifuata mimi ilikuwa na hatua tatu, kila moja ni mstari mmoja wa kuandikwa katika dirisha la amri:

latex mtihani.tex
dvips -o mtihani.ps mtihani.dvi
ps2pdf mtihani.ps

Amri ya kwanza hupanga kurasa na kutoa DVI. Ya pili, kazi ya Tomas Rokicki, huigeuza DVI kuwa PostScript. Ya tatu huitumia Ghostscript, programu iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch mwaka 1988, kuigeuza PostScript kuwa PDF. Mimi, katika ujuzi wangu mwingi wa siku zile, niliongeza kwenye amri ya tatu maneno -dEmbedAllFonts=false, yaani usibebe fonti zote, kwa sababu nilitaka faili liwe dogo na disketi yangu ilikuwa ya megabaiti 1.44. Kwenye kompyuta yangu hati ilionekana sawa, kwa kuwa fonti zilikuwamo humo humo mashinani. Mpiga chapa hakuwa na kosa lolote.

Siku hizi safari imefupishwa. Programu ya dvipdfmx hupokea DVI na kutoa PDF moja kwa moja bila kupitia PostScript. Nayo pdfTeX, iliyotungwa na Hàn Thế Thành, Mvietnamu aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno, Ucheki, haihitaji hata hiyo DVI: amri ya pdflatex mtihani.tex yatosha. Zote hupatikana bila malipo. Mwanafunzi aliyezoea kubofya vitufe huona jambo la kuandika amri kuwa la kizamani, lakini mwalimu mwenye mitihani 40 ya miaka iliyopita katika mafaili ya DVI anaweza kuyageuza yote kwa mstari mmoja, akaenda kunywa chai:

for f in *.dvi; do dvipdfmx "$f"; done

Hata hivyo, kubeba maumbo pekee hakutoshi, kwa sababu maumbo hubebwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni picha ya vitone. Kwa kipimo cha vitone 300 kwa inchi, herufi kubwa ya matini ya pointi 10 huwa na kimo cha vitone 28 hivi. Karatasini hupendeza, lakini ikuze kwenye skrini uone kingo zake zilivyo kama ngazi. Ya pili ni mchoro wa mikunjo, ambao kompyuta huukokotoa upya kwa ukubwa wowote. Fonti za Knuth hapo awali zilitumika kwa namna ya kwanza. Fonti za mikunjo zikaja baadaye kwa kuuzwa, na mwaka 1997 zikatolewa bure kwa watu wote kupitia Chama cha Hisabati cha Marekani. Ndiyo maana makala nyingi za hisabati za miaka ya 1990, nilizozisoma kwa taabu nilipokuwa ng'ambo, zina herufi zenye meno.

Katika makala hizo mna hasara nyingine iliyojificha, nayo yatuhusu sisi wa Kiswahili zaidi ya tunavyodhani. TeX ikikuta f ikifuatwa na i huziunganisha kuwa umbo moja, ambalo ni nambari 12 katika fonti ya Knuth. Pale ambapo maumbo ni vitone tu, hati haina habari kwamba 12 maana yake ni f na i. Mtafute «fizikia» kwa kitufe cha kutafuta, hutampata. Safi, fikiri, afisa: yote yanasomeka kwa macho, lakini kwa kompyuta hayamo. Maktaba inayohifadhi tasnifu za namna hiyo inahifadhi maandishi yasiyotafutika. Ritifaa ya ng'ombe nayo ina kisa chake. TeX huipinda kama alama ya kufungia nukuu, na baadhi ya programu zitakuambia kwamba neno halipo endapo utaliandika kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi.

Mambo haya yote hupimika kabla hati haijatoka mikononi mwa mtu. Andika:

pdffonts mtihani.pdf

Itatokea orodha ya fonti, kila moja na safu zake. Safu iliyoandikwa emb huonyesha kama fonti imebebwa. Panapotakiwa yes pakiwa na no, usichape. Safu ya type ikisema Type 3, aghalabu hizo ni herufi za vitone. Safu ya uni huonyesha kama kuna jedwali la kufasiri nambari kuwa herufi. Jina la fonti likitanguliwa na herufi kubwa 6 na alama ya kujumlisha, maana yake ni kwamba yamebebwa maumbo yaliyotumika tu, wala si fonti nzima, na hivyo faili hubaki dogo. Laiti ningalijua hilo mwaka 2005, nisingaliihofia disketi. Kwa hati za kuhifadhiwa miaka mingi kipo kiwango kiitwacho PDF/A, kilichotolewa mwaka 2005, ambacho hudai fonti zote zibebwe bila kusamehe hata moja.

Kuhusu swali la 4, nilitoa alama kamili kwa mafungu yote mawili. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba baina ya x² na 5x hapana alama, kwa hiyo ni kuzidisha, akapata 5x³ + 6 = 0, na akaendelea kutafuta kipeo cha tatu cha −6/5 kwa majedwali ya logi. Nilimpa alama zaidi ya wote.