Je, Wajua? Tofali la Tanuri Huvumilia Moto, Haraka Ndiyo Hulivunja

Kupoza ghafla kuna madhara zaidi kuliko kupasha ghafla. Alumina, inayotumika kutengenezea matofali mengi ya tanuri, huyeyuka kwenye takriban nyuzi 2,050 za Selsiasi. Hata hivyo, kipande chake cha nyuzi 300 tu kikitoswa katika maji baridi huweza kupasuka. Uso hupoa na kutaka kusinyaa, huku kiini kikiwa bado kimetanuka kwa joto. Basi uso huvutwa kila upande. Kauri kama alumina huvumilia kubanwa mara nyingi zaidi ya kuvutwa, na ufa huanzia hapohapo usoni.

Nguvu haipungui kidogo kidogo. Mwaka 1969 mtafiti D. P. H. Hasselman alichapisha nadharia inayoeleza jambo la ajabu. Vijiti vya alumina vikipashwa na kutoswa majini, nguvu yake hubaki ileile mpaka tofauti ya joto ifikie nyuzi 200 hivi. Ikivuka hapo, nguvu huporomoka kwa mkupuo mmoja.

Tofali lenye nyufa ndogondogo huweza kudumu kuliko lile gumu lisilo na dosari. Kauri imara hulimbikiza nishati nyingi kabla ya kupasuka, kwa hiyo ufa ukianza hukimbia mbali. Tofali lenye chembe kubwa, vinyweleo na nyufa ndogo ni dhaifu tangu mwanzo, lakini kila ufa husogea kidogo tu na kukwama. Ndiyo maana udongo wa matofali ya tanuri huchanganywa na chembe za udongo uliokwisha kuchomwa na kusagwa. Wafinyanzi wetu nao hukanda udongo wa chungu cha kupikia kwa mchanga au vigae vilivyotwangwa.

Silika huhitaji subira mwanzoni. Kwenye nyuzi 573, kwatzi, ambayo ni aina ya silika, hubadili mpangilio wa atomi zake na kutanuka ghafla. Kristobaliti, ndugu yake, hufanya hivyo kati ya nyuzi 200 na 270. Kwa sababu hiyo matanuri ya koki yaliyojengwa kwa matofali ya silika hupashwa taratibu kwa wiki kadhaa, na yakishawaka huachwa yakiwa ya moto kwa miaka mingi. Juu ya nyuzi 600 matofali hayo hutanuka kidogo sana, na hapo hustahimili vizuri joto linalopanda na kushuka.

Kigae cha nyuzi 1,260 kilishikwa kwa mkono mtupu. Vigae vya vyombo vya anga vya Space Shuttle vya NASA vilitengenezwa kwa nyuzinyuzi za silika, na sehemu kubwa ya ujazo wake ilikuwa hewa. Sekunde chache baada ya kutoka tanurini, mtu aliweza kukishika kigae kwenye pembe zake huku katikati kungali kunang'aa. Silika ya aina hiyo karibu haitanuki kabisa, hivyo hakuna kinachovutana ndani yake.

Maji huua jiko la udongo. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupata ufa upesi likimwagiwa maji lingali la moto. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye chombo cha bati chenye mfuniko, nje ya nyumba, yazimike kwa kukosa hewa. Udongo uache upoe wenyewe. Utaokoa jiko, na mkaa uliobaki utauwasha tena kesho.