"Kuvuna" au "Kukinga": Istilahi ya Saketi Itumiayo Mawimbi ya Redio

Miongoni mwa dhana ambazo mafundi na walimu wa sayansi wanazihitajia majina ya Kiswahili ni saketi ipatayo umeme kutokana na mawimbi ya redio yaliyokwisha kuenea hewani. Wazo lenyewe si geni; redio za kristali za miaka ya 1920 zilisikika bila betri, kwa nguvu ya kituo chenyewe. Hivi leo wapo waiitao kazi hiyo "kuvuna nishati", kwa kufuata "kuvuna maji ya mvua", msemo ambao nao ulitokana na Kiingereza. Sisi tunakitilia shaka kitenzi hicho. Avunaye amelima na kupanda, naye hutazamia ghala. Saketi hii haikupanda kitu, na ipatacho ni haba mno.

Tuchukue mfano. Tuseme mnara wa simu mjini Moshi unatuelekezea mawimbi ya megahezi 900, kwa nguvu iliyo sawa na wati 500 zilizosambazwa pande zote. Kwa umbali wa kilomita 1, pasipo kizuizi, antena ya nusu wimbi, ambayo urefu wake ni sentimita 16 hivi, hupata takriban nusu ya mikrowati, yaani nusu ya sehemu moja ya milioni ya wati. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu hushuka hadi robo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "atavuna" atatarajia kuchaji simu, ihitajiyo wati kadhaa. Asipofaulu atajilaumu, ilhali kosa ni la neno.

Mawimbi yenyewe yapo. Agosti 2022 shirika la TTCL lilifikisha intaneti hata Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kazi ni kuyapokea, na hapa mifereji ya Wachagga, waiitayo mifongo, inatufaa kwa mfano. Mfereji mwembamba hauwezi kunywesha shamba zima kwa mara moja; kwa hiyo maji huachwa usiku yajaze bwawa dogo, nduwa, na asubuhi hufunguliwa kwa wingi. Ndivyo ilivyo saketi yetu. Antena hupokea, sehemu ya kulinganisha ukinzani huzuia mawimbi yasirudi yalikotoka, diodi, mlango wa upande mmoja, hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, nayo kapasita ndiyo nduwa. Ikijaa, kipimajoto cha shambani huamka, hutuma habari kwa kitambo kidogo, kisha hulala tena.

Ugumu mkubwa uko kwenye diodi. Ile ya silikoni huhitaji karibu volti 0.6 ili ipitishe mkondo vema, kwa hiyo huchaguliwa ya Schottky, iridhikayo na volti chache zaidi. Hata hiyo, kwa nusu ya mikrowati, huwa hoi. Yafaa kusogea: kwa mita 100 hesabu ile ile hutoa mara mia.

Kwa hiyo tunapendekeza "kukinga nishati", kama mtu akingavyo maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa. Wapo watakaopinga kwamba "kinga ya radi" ni kuzuia, si kupokea. Hoja hiyo ina uzito, lakini sarufi huitatua: mtu hukinga maji, na hujikinga na mvua. Basi na isemwe "saketi ya kukinga nishati", wala isisemwe "ya kukinga mawimbi", kwani hapo msomaji angedhani ni ngao.