Mtoto anaharisha, unampa soda? Hii ndiyo hatari yake

Mtoto kaharisha tangu asubuhi, kalegea na chakula hataki. Nyumbani wanaagiza soda dukani "apate nguvu kidogo". Katika nyumba nyingi hilo ni jambo la kawaida, lakini kwa mtoto wa hali hiyo soda inaweza kumwongezea tatizo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja soda, juisi za kuongezwa sukari na chai yenye sukari nyingi kuwa ni vinywaji visivyofaa kwa mtoto anayeharisha.

Sukari inavuta maji

Soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa hivi vya chai. Sukari nyingi kiasi hicho ikifika kwenye utumbo, huvuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha tumboni. Mtoto anazidi kuharisha, na maji yanazidi kumwishia.

Mbona basi ORS nayo ina sukari? Tofauti ni kipimo. Sukari kidogo ikiwa pamoja na chumvi, vyote viwili hupenya ukuta wa utumbo kwa pamoja na maji huvifuata. ORS inayopendekezwa na WHO na UNICEF tangu mwaka 2002 ina gramu 13.5 tu za sukari ya glukosi kwa lita moja. Kola ina zaidi ya gramu 100 kwa lita, na chumvi yake ni kidogo mno.

Afanye nini mzazi

Koroga pakiti ya ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu zipo za lita moja na za nusu lita. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili na kuendelea apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima.

Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kituo cha afya pia humpa vidonge vya zinki.

Pakiti haipo? Kwa dharura, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza. Chumvi ikizidi ni hatari, sukari ikizidi unarudi kulekule kwenye soda.

Na akiwa mzima?

Hapo mambo ni tofauti kidogo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa wanaume wazima, ulionyesha kwamba maji yaliyobaki mwilini baada ya kunywa kola hayakutofautiana sana na ya kunywa maji matupu. Maziwa na ORS ndivyo vilivyokaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo soda nayo inaongeza maji mwilini. Shida ni kwamba inakuja na sukari inayooza meno na kuongeza uzito, na mtoto akishazoea utamu, maji ya kawaida anayaona hayana ladha. Anakaa na kiu mpaka apate kitu kitamu.

Kinachosaidia ni kumzoesha mapema: chupa ya maji kwenye begi la shule, maziwa, na matunda yenye maji mengi kama tikiti na machungwa. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji hata maji, hata kukiwa na joto kali. Maziwa ya mama yanamtosha, kwani sehemu kubwa yake ni maji.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mpeleke mtoto kituo cha afya haraka ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, mkojo ni kidogo sana au hakuna, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Hali kadhalika akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa, au akisinzia kupita kawaida. Njiani, endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.